Spika za nyuma zikiwa kimya

Msikilizaji wa Kisii na Nyamira, umenunua hom thieta, spika tano na sabufa. Umechomeka na kile kidude cha kuonyesha filamu za intaneti. Lakini spika za nyuma ziko kimya. Kabla ya kumrudishia muuzaji, angalia waya.

Waya wa pini nyekundu na nyeupe hubeba sauti mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Tumia waya wa HDMI. Kidude kichomeke kwenye runinga. Kisha waya mwingine wa HDMI utoke kwenye runinga hadi hom thieta, kwenye tundu lililoandikwa ARC. Narudia: tundu la ARC, pande zote mbili.

Sasa shika rimoti. Kwenye mipangilio ya runinga, chagua sauti itoke kwa hom thieta. Spika ya kati iwe chini ya runinga, maana ndiyo hubeba maneno ya waigizaji. Zile za nyuma ziwe kando ya kochi, juu kidogo ya masikio. Na usishangae nyimbo nyingi za YouTube zikitoa sauti mbili tu. Zimerekodiwa hivyo.

Jambo moja zaidi, na huku kwetu si dogo. Mvua ya alasiri huja na radi. Mawingu yakianza kutanda, chomoa kila kitu ukutani, hata waya wa antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Na radi ikishaanza kupiga, usiguse waya wowote.