Mboga Mbichi Katika Nchi Kavu

(Mada iliyotolewa na idara yetu mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wageni wafadhili, Dodoma.)



Tunazungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Tumeombwa tueleze jinsi ya kutunza mboga za majani zisinyauke. Tumekubali kwa furaha, kwa sababu miongoni mwa maombi yanayosubiri uamuzi wenu yamo ya kununuliwa friji za majiko ya parokia, na sababu inayoandikwa ni ileile: mboga zinaharibika. Kabla fedha hazijatoka, ni vizuri tujue kwanza mboga inaharibiwa na nini.

Mboga ya majani ni maji. Mchicha, letusi, chainizi na figiri, zaidi ya sehemu 85 katika kila 100 za uzito wake ni maji, na letusi inazidi 90. Jani bichi husimama imara na kukatika kwa mlio kwa sababu limejaa maji ndani, kama mpira uliojazwa upepo. Likishachumwa, mzizi hauleti tena maji, lakini jani linaendelea kupumua na kutoa mvuke. Likipoteza kiasi cha asilimia 5 tu ya uzito wake, linalegea. Kwa fungu la gramu 300, asilimia 5 ni gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Vijiko vitatu vya maji ndivyo vinavyotenganisha mboga ya kuuzwa na mboga ya kutupiwa mbuzi.

Sasa fikirini hewa yetu. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yetu ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki upepo ni mkavu, na nguo iliyoanikwa asubuhi inakuwa tayari kupigwa pasi kabla ya mchana. Hewa inayokausha nguo namna hiyo haliachi fungu la mchicha. Ndiyo maana mashauri yanayotolewa Dar es Salaam au Ulaya kuhusu mboga hayatufai sana hapa. Huko adui mkubwa ni kuoza. Kwetu, kwa miezi saba ya mwaka, adui ni kukauka.

Anayeumia zaidi si jiko la parokia. Ni mama wa genge. Ananunua mafungu alfajiri, mara nyingi kwa mkopo wa kikundi, na ikifika saa nane mchana yaliyobaki yamelala kwenye meza. Anauza kwa nusu ya bei, au anayanyunyizia maji apate wateja wa jioni. Kunyunyizia kunasaidia, lakini tuseme wazi: maji hayo yanatoka wapi? Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Agosti 2015 ulifika mikoa mingi, na majani yanayoliwa mabichi, kama letusi na kabichi ya kachumbari, hubeba chochote kilichomo katika maji yaliyomwagiwa. Maji ya kunyunyizia mboga yawe ya usafi uleule wa maji ya kunywa.

Tuanze na wale ambao tayari wana friji, maana tumeona kwamba wengi hawafaidiki nayo ipasavyo. Friji hupoza, lakini pia hukausha. Unyevu wa ndani yake huganda kwenye sehemu ya baridi kali, na sehemu ya barafu ile mnayoikwangua imetoka katika mboga zenu wenyewe. Mboga ikiwekwa wazi kwenye rafu itanyauka ndani ya friji kama inavyonyauka nje, ila polepole zaidi. Droo ya chini ipo kwa ajili hiyo: inazuia hewa kavu isipite juu ya majani.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Ondoeni majani yaliyooza, maana moja huambukiza mengine. Osheni kwa maji safi ya baridi. Kama yameshalegea, yaacheni humo robo saa au nusu saa, nayo yatasimama tena. Kisha yakung'uteni sana. Maji yakibaki juu ya jani huleta utelezi na kuoza, jambo ambalo akina mama wengi wanalijua na akina baba wachache. Yafungeni katika kipande safi cha kanga au taulo kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, au yawekeni katika chombo chenye mfuniko kikiwa na kitambaa kikavu chini. Zamani tungewaambia mtumie mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, na kwa kweli kitambaa kinafanya kazi nzuri zaidi.

Jambo la pili ni majirani. Ndizi mbivu, embe, parachichi na nyanya zinazoiva hutoa gesi ambayo haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu, nayo huyafanya majani kuwa ya manjano. Visikae droo moja na mchicha. Nyanya nayo haipendi baridi ya friji: chini ya nyuzi 10 hivi inapoteza ladha na kuwa laini, na ile ambayo haijaiva vizuri haitaiva tena sawasawa. Viazi vitamu, ndizi mbichi na vitunguu vikavu vibaki nje kabisa. Tumekuta friji iliyojaa nyanya na vitunguu hadi mlangoni, huku mchicha umelala juu ya meza kwa kukosa nafasi.

Tunaomba hapa tuwe wakali kidogo. Friji la chanjo la zahanati si la mboga. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote, na kila mlango unapofunguliwa joto linaingia. Fungu la mchicha au chupa ya soda ndani ya friji lile ni hatari kwa watoto wa kijiji kizima, kwa sababu chanjo iliyoharibika kwa joto mara nyingi haionekani kwa macho. Mtoto atachomwa, kadi itaandikwa, na kinga hatakuwa nayo. Kamati zenye zahanati ziliangalie jambo hili mara zirudipo nyumbani.

Halafu kuna umeme. Wengi wenu mnakumbuka mgawo wa mwaka 2006, wakati ukame ulipolikausha bwawa la Mtera, hapa mpakani mwetu na Iringa. Mgawo ulirudi mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Friji lisilofunguliwa hushika baridi kwa saa nne hivi. Baada ya hapo ni kabati, tena kabati lisilopitisha hewa, ambamo mboga huharibika upesi kuliko kivulini.

Basi tufanyeje? Hewa kavu inayotuibia mboga ndiyo hiyohiyo inayoweza kuzipoza. Mnajua maji ya mtungi yalivyo baridi. Mtungi hutoa jasho, jasho linageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Lita moja ya maji inapogeuka mvuke huchukua joto linaloweza kuchemsha kiasi cha lita saba za maji ya kawaida. Hewa ikiwa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30, hali ya kawaida ya alasiri zetu za Septemba na Oktoba, kitu chenye majimaji kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 18 au 19. Pwani, hewa ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75 hairuhusu kushuka chini ya 27. Kwa hiyo teknolojia hii inatufaa sisi kuliko ndugu zetu wa Dar es Salaam. Ni mara chache ukavu wa Dodoma unatuletea faida, basi tuitumie.

Mwalimu mmoja wa Nigeria ya kaskazini, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alichukua vyungu viwili vya udongo, akaweka kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati, akalowesha mchanga huo na kufunika kwa kitambaa kibichi. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Ilielezwa kwamba biringanya zilizodumu siku 3 zilifikia 27, na mboga ya majani iliyoharibika kwa siku moja ilifika siku 12. Sisi hatuwaahidi siku 12. Tunasema kwamba mama wa genge akipata siku mbili au tatu badala ya moja, hesabu ya biashara yake inabadilika kabisa.

Kutengeneza kunahitaji uangalifu. Vyungu visipakwe rangi wala visiwe vya kung'aa, maana lazima vitoe jasho. Mchanga wa korongo unafaa ukioshwa. Chungu kikae kivulini mahali penye upepo, juu ya vijiwe au kigoda cha chuma ili hewa ipite chini; ndani ya chumba kilichofungwa hakifanyi kazi. Mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Parokia zenye visima vya maji ya chumvi zijue kwamba chumvi huziba vitundu vya chungu polepole. Kikionyesha ukungu mweupe kwa nje, kisuguliwe na kuoshwa, na ikiwezekana kitumie maji mengine. Maji ya kuloweshea mchanga si lazima yawe ya kunywa, mradi yasiguse mboga. Yale ya kuoshea mboga yanatosha. Tunajua hapa kuna vijiji ambako ndoo moja ya maji ni safari, na hatuwezi kuwaambia kina mama wamwage maji ya kunywa kwenye mchanga.

Kwa kikundi chenye mzigo mkubwa, Wahindi walibuni tangu miaka ya 1980 kijumba kidogo cha kuta mbili za matofali ya kuchoma, katikati mchanga mbichi. Wengine hujenga kuta za mkaa ndani ya waya. Kwa mkoa uliokatwa miti kama wetu, tunashauri matofali.

Kuanzia Desemba hadi Machi hewa hujaa unyevu na chungu hupoza kidogo sana. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo mboga zimejaa kila mahali, na hapo kazi ni nyingine: kukausha. Wagogo hawakufundishwa hili na mradi wowote. Mlenda uliokaushwa na kusagwa umewavusha katika kiangazi vizazi kwa vizazi. Tunaongeza neno moja tu: aniken majani kivulini penye upepo, si kwenye jua kali, kwa sababu jua huharibu vitamini A ambayo watoto wetu wanaihitaji.

Sasa turudi kwenye maombi yaliyo mezani. Pendekezo letu ni kwamba friji inunuliwe pale ambapo kuna umeme wa uhakika na watu wengi wanakula kila siku, kama mabweni ya wanafunzi. Kwa majiko yanayopika siku za mikutano tu, vyungu vinatosha. Fedha itakayobaki iende kwa vikundi vya wauza mboga, kwa kununua vyungu kutoka kwa wafinyanzi wa hapahapa. Ndugu wafadhili wanaweza kuona kwamba chungu hakipendezi kwenye picha ya taarifa ya mwaka kama friji jeupe lenye kibandiko. Tunawaomba watuvumilie.

Nje, chini ya mwarobaini, tumeweka vyungu viwili tangu jana, kimoja kibichi na kingine kikavu, vyote vina mchicha wa genge moja. Kipimajoto kiko pembeni. Tutapita huko kabla ya chai, kisha tutapokea maswali.