Chipukizi Hukaa Wapi? Mimea ya Tenke Katika Miezi ya Baridi na Ukame



Mada inahusu jinsi mimea ya nchi za baridi kali inavyovuka majira ya theluji. Hapa Tenke, kusini mwa Kongo, theluji haianguki, lakini majira ya theluji kwa mmea ni ukame kama wetu: maji yapo, ila yameganda na mizizi haiwezi kuyanyonya. Mti wenye majani mapana ukiyang'ang'ania utakauka umesimama. Ndiyo maana miti mingi ya Ulaya huyapukutisha, hurudisha virutubisho shinani, huongeza sukari ndani ya seli ili zisigande upesi, na hufunika machipukizi kwa magamba.

Huku kwetu mvua hukatika kati ya Mei na Septemba. Usiku wa Juni na Julai hewa baridi huteremka mabondeni na kutuama kwenye dembo, yaani mabonde mapana ya nyasi, na kuna alfajiri ambazo umande huganda juu ya nyasi. Kisha moto wa nyika hupita.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mdenmark Christen Raunkiaer aliipanga mimea kwa swali moja: msimu mbaya ukifika, chipukizi hukaa wapi? Ulaya, machipukizi ya chini hulindwa na theluji. Huku hulindwa na udongo. Moto wa nyasi hupita haraka, na sentimita chache tu chini ya ardhi joto lake halifiki.

Tazameni mupundu, Parinari curatellifolia, mti mkubwa tunaokula matunda yake. Una ndugu yake, Parinari capensis, kwenye mchanga wa nyanda za juu. Huyu ameuzika mti wake: mashina yake ya mti yametambaa chini ya ardhi, juu yanaonekana majani yasiyofika gotini. Mwaka 1976 Frank White aliiita mimea ya namna hii misitu ya chini ya ardhi ya Afrika. Wataalamu bado wanabishana kama ni moto au baridi iliyoisukuma chini; waliopima nyanda za juu za Angola wanaitaja baridi. Mimi naona vyote viwili vilishirikiana.

Mfano mwingine mnaufahamu kwa ulimi: kikanda. Kinatokana na viazi vidogo vya okidi za dembo. Majani hukauka mvua zikiisha, na akiba yote hubaki ndani ya kiazi, ikisubiri. Akina mama huvikausha, huvitwanga, huvipika na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vishikane na kukatwa vipande. Anayekula kikanda anakula chakula ambacho mmea ulijiwekea kwa ajili ya mwaka ujao, na akichimba vyote dembo litabaki tupu.

Sasa vilima vya shaba, ambavyo Paul Duvigneaud aliviandikia kwa kina mwaka 1958. Vingi havina miti, kwa kuwa shaba na kobalti huiua. Haumaniastrum katangense, ua la shaba lililowaongoza watafuta madini, huishi msimu mmoja na kuvuka kiangazi likiwa mbegu. Gladiolus ledoctei hujificha kwenye kitunguu chake. Cryptosepalum maraviense huchipua kutoka mizizi minene kabla hata mvua haijanyesha, kama miti ya mutondo na muputu inavyovaa majani mekundu mwezi Septemba wakati ardhi ingali kavu.

Hapa ndipo penye tatizo. Mtu anayekagua mimea kabla ya uchimbaji akipanda kilima mwezi Agosti ataona majivu na mawe, ataandika kwamba hakuna kitu, na tingatinga litaitwa. Ripoti ya namna hiyo haifai kitu, hata iwe na mihuri mingapi. Ninaomba walioko kwenye idara za mazingira, za serikali na za migodi, wahesabu mimea ya vilima kati ya Januari na Machi, mingi inapochanua. Na pale ambapo kilima lazima kichimbwe, udongo wa juu uondolewe kwanza, utengwe, urudishwe kabla mbegu na vitunguu vyake havijaoza.