Majani Yaliyoanguka Yafunike Udongo

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Nyeri, uani mwa kanisa, mwishoni mwa mvua fupi.)



Nilipoingia hapa asubuhi nilipokelewa na moshi. Kijana wetu wa uani alikuwa amefagia majani yote chini ya miti ya grevilea, hii tunayoiita mukima au mubariti, akayarundika kando ya jiko na kuyatia moto. Sikumlaumu. Sisi wote tumelelewa hivyo. Ua usiofagiwa ni ua wa mvivu, na shamba lenye majani chini ni la mtu aliyelala. Mama yangu alikuwa akifagia mpaka chini ya migomba! Lakini leo nataka tubishane kidogo na desturi hiyo, maana inatugharimu maji na mbolea.

Tuanze na maji, kwa sababu nyinyi akina mama ndio mnaoyabeba. Chukua kitalu cha sukuma wiki chenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 10. Milimita 1 ya maji ikitoka kwenye meta 1 mraba ya udongo, hiyo ni lita 1. Sasa jua la Januari likinyonya milimita 2 tu kwa siku kutoka kitalu hicho, umepoteza lita 20. Huo ni mtungi mzima, ule ulioubeba mgongoni kutoka mtoni. Umeupandisha kilima, kisha umelipa jua.

Majani yaliyotandazwa juu ya udongo, ambayo wataalamu huyaita matandazo, huzuia jua lisiguse udongo na upepo usiukaushe. Mimi mwenyewe nilijaribu mistari miwili ya sukuma wiki. Mmoja niliuacha wazi, mwingine nikaufunika. Ule wa wazi ulitaka maji kila jioni, la sivyo majani yalilegea. Uliofunikwa niliunywesha kila siku ya tatu. Usiniamini mimi, nenda shambani saa nane mchana, uingize kidole chini ya majani, kisha ukiingize mahali palipo wazi. Kidole chako kitakuambia.

Mvua nayo? Kule Othaya, Tetu na Mukurwe-ini mashamba yetu yamelala ubavuni mwa kilima. Tone kubwa likipiga udongo mtupu, huuvunja na kuuziba, maji yanakosa pa kuingia, yanateremka na ule udongo wa juu wenye rutuba. Mkiuona mto Gura umekuwa mwekundu, jueni ni mashamba yetu yanasafiri kwenda Tana. Bwawa la Masinga, lililofunguliwa 1981, limekuwa likipokea udongo wa nyanda hizi za juu mwaka baada ya mwaka. Tone likiangukia jani, nguvu yake inaishia hapo, na maji yanazama polepole.

Wazee hapa watasema jambo hili si geni. Kweli. Baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, kahawa ilipoenea kwa wakulima Waafrika, watu walifundishwa kufunika mashina kwa nyasi. Mizizi midogo ya kahawa inayotafuta chakula iko karibu na uso wa udongo. Haipendi jua, na haipendi jembe. Basi tuliachaje? Nadhani jibu liko zizini. Siku hizi nepia yote ni ya ng'ombe. Mabua ya mahindi ni ya ng'ombe. Maganda ya migomba pia, ng'ombe. Sisemi ni vibaya, maziwa ndiyo karo ya shule. Lakini udongo umebaki bila kitu, na kitu pekee ambacho ng'ombe hakitaki, yaani jani kavu la mukima, hicho tunakichoma!

Mti huu ulitoka Australia, ukaletwa kuwa kivuli cha chai na kahawa. Leo uko kwenye mipaka ya karibu kila shamba hapa. Hauangushi majani kwa mara moja kama miti ya Ulaya na Marekani, ambako miti mingi hubaki uchi kila mwaka baridi inapokaribia. Wetu huangusha kidogo kidogo, na zaidi wakati wa ukame, yaani wakati ule ule tunapohitaji kifuniko. Toka Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapa Nyeri, alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, vikundi vya akina mama vimepanda miti mingi sana. Tumejua kupanda. Majani yake bado hatujajua kuyatumia.

Kuna mtu atasema, "Lakini majivu ni mbolea." Ni kweli, nusu. Majivu yana potashi na chokaa, na udongo wetu mwekundu wenye uchachu huyapenda. Lakini naitrojeni, ile inayofanya sukuma iwe kijani kibichi, imeondoka na moshi. Na ile mboji ambayo ingeshika maji pia imekwisha. Majivu ya jikoni yanatosha, yapelekeni shambani. Msichome majani ili mpate mengine.

Sasa namna ya kufanya. Ngoja mvua iwe imelowesha udongo vizuri, ndipo ufunike. Ukifunika udongo mkavu, utazuia manyunyu yasifike chini, halafu utasema mimi ni mwongo. Palilia kwanza. Kisha tandaza majani kwa kina cha kidole cha kati, na uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Majani yakigusa shina yanaleta unyevu na kuoza. Miche midogo isubiri mpaka iwe imara, kwa maana konokono na wale viwavi wanaokata miche usiku hupenda kujificha hapo. Inua majani asubuhi, uwatoe kwa mkono.

Jani la mukima ni gumu na linaoza taratibu. Kwa kifuniko hiyo ni faida. Lakini usilizike mbichi wala kavu kwa jembe ukapanda juu yake, kwa sababu vijidudu vinavyoliozesha vitaazima naitrojeni ya udongo na mboga zako zitakuwa manjano. Likae juu. Ukitaka lioze haraka, likatekate kwa panga, ulichanganye na samadi kwenye shimo la mboji.

Majani ya mkaratusi, msonobari na msaipresi yasiwekwe kwenye vitalu vya mbegu, yanaweza kuzuia miche. Mabaki ya viazi na nyanya vilivyokuwa na baridi ya majani yasirudi kwenye viazi na nyanya. Ndugu wa Kieni, kwenu mvua ni haba na kifuniko kinawafaa kuliko sisi sote, lakini angalieni mchwa. Tandazeni kidogo kidogo, msirundike karibu na miti michanga.

Na hizi nyasi za uani? Tusizisahau, kwani nyasi hizi zinapandwa mpaka Australia na Marekani, na huko jina lake ni kikuyu. Kwa nyasi, majani mengi ni blanketi linaloua. Kijana wetu akifyeka, akatekate majani makavu pamoja na nyasi, aache tabaka jembamba ambalo bado unaona kijani chini yake. Yanayozidi, ayakusanye.

Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni: jirani akiona shamba lake limejaa majani, atasemaje? Atasema amekuwa mvivu, mama. Mwache aseme mpaka mwisho wa Februari, kisha mkaribishe aje aingize kidole udongoni.

Rundo moja halijachomwa, liko nyuma ya jiko. Nimelipima kwa macho, ni kama magunia manne. Vikundi vilivyo na vitalu vya mboga vichukue kwanza, na mwenye reki amsaidie yule kijana kukusanya yale ya upande wa lango.