AJIRA KATIKA MAFUTA NA GESI: MATUMAINI NA MATAYARISHO

(Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa wa Ajira mbele ya wafanyakazi wa Serikali, masheha, walimu wakuu na wazazi wa Unguja. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Masheha,
Walimu Wakuu na Wafanyakazi wenzangu,
Ndugu Wananchi,



Madhumuni ya mazungumzo haya ni kulijibu suala moja ambalo wazazi wanaliuliza kila siku katika afisi zetu, nalo ni hili: "Mwanangu asome nini ili apate kazi katika mafuta?" Suala hili ni zito kuliko linavyosikika. Wapo wazazi walio tayari kuuza shamba la mikarafuu ili kijana akasomeshwe fani hiyo nje ya nchi. Jibu likiwa la kubahatisha, hasara yake haimwishii kijana peke yake, bali huufikia ukoo mzima.

TULIPO HIVI SASA

Utafutaji wa mafuta katika visiwa vyetu si jambo geni. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba visima Unguja na Pemba, na kisima cha Unguja kilikwenda chini zaidi ya mita 4,000. Mafuta ya kuuzwa hayakupatikana, na kazi ikafungwa. Miaka mingi baadaye, Sheria ya mwaka 2015 ya Jamhuri ya Muungano iliiwezesha Zanzibar kusimamia yenyewe mafuta na gesi yake, na mwaka 2016 ikapitishwa Sheria yetu wenyewe ya utafutaji na uchimbaji. Mwezi wa Oktoba 2018 Serikali ilitia saini mkataba wa mgawanyo wa mazao na kampuni ya RAK Gas ya Ras Al Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mwaka 2024 ikatangazwa duru ya kwanza ya kunadi vitalu vya baharini.

Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, ndugu wananchi, hatua ya kutafuta si hatua ya kupata, wala hatua ya kupata si hatua ya kuajiri. Hadi hivi leo Zanzibar haijauza pipa hata moja la mafuta yake. Yapasa kila mzazi aliweke jambo hilo mbele ya macho yake kabla hajatoa fedha zake.

Na hata pale hazina inapogunduliwa, muda wa kungojea ni mrefu. Tutazame jirani zetu wa Bara. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 7 wakati wa ugunduzi alikuwa mtu mzima wa miaka 37 gesi ilipowashwa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba kubwa la kuifikisha Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015. Ama gesi ya bahari kuu ya kusini iliyoanza kugunduliwa mwaka 2010, hadi kufikia mwaka 2025 ujenzi wa kiwanda cha kuigeuza kimiminika huko Lindi ulikuwa haujaanza. Vijana waliochagua masomo yao mwaka 2010 kwa kuitegemea kazi ya kiwanda hicho tayari wamepindukia miaka 30.

KAZI ZENYEWE ZILIVYO

Watu wengi hudhani kwamba mafuta yakipatikana, kazi zitafunguka kwa maelfu na zitadumu. Ukweli ni kwamba kazi hizi huja kwa vipindi, na kila kipindi kina watu wake.

Kipindi cha kwanza ni cha uchunguzi, ambapo meli hupima miamba iliyo chini ya bahari kwa kutumia mitetemo. Meli hiyo huwa na wataalamu makhsusi ambao huja nayo na kuondoka nayo. Kipindi cha pili ni cha kuchimba visima vya majaribio. Mtambo wa baharini huchukua takriban watu 100 hadi 200, wakiwamo wapishi, madobi na mabaharia, nao hufanya kazi kwa zamu za wiki kadhaa baharini na wiki kadhaa nyumbani. Kisima kikiisha, mtambo huhama.

Kipindi cha tatu ni cha ujenzi, na hicho ndicho chenye ajira nyingi. Mfano ulio karibu nasi ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo wabia wake waliliamulia uwekezaji mwezi wa Februari 2022. Ujenzi huo uliwaajiri maelfu ya Watanzania: madereva, waashi, mafundi wa kuchomea vyuma, walinzi na wapishi. Huko Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda makhsusi cha kuyavika mabomba hayo kinga ya kuhifadhi joto. Lakini bomba ni kama nyumba: siku linapokamilika, waliolijenga hutoka. Kipindi cha nne, ambacho ni cha uzalishaji, ndicho kirefu kuliko vyote, nacho hubakiwa na mamia ya watu pale palipokuwa na maelfu.

Kwa hivyo, anayeahidiwa kazi katika mafuta na aulize kwanza: ni kazi ya kipindi gani?

MWENENDO WA UAJIRI

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kampuni yenye kitalu huajiri watu wachache mno. Wengi huajiriwa na wakandarasi, na mikataba yao ni ya muda maalumu. Kijana anayetuma barua kwa kampuni kubwa peke yake huenda akapoteza wakati, ilhali mkandarasi wa chakula, wa usafi, wa boti au wa umeme anatafuta watu.

Jambo la pili ni kwamba uajiri huifuata bei. Mwezi wa Juni 2014 pipa moja liliuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani. Ilipofika Januari 2016 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 30, na duniani kote watu kwa mamia ya maelfu walikuwa wamepoteza kazi. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, kampuni ya BP ilitangaza kupunguza watu wapatao 10,000, na Schlumberger zaidi ya 20,000. Waliopunguzwa hawakuwa wavivu wala wasiojua kazi. Bei tu ndiyo iliyowaondoa. Amani nayo ina sehemu yake. Huko Cabo Delgado, Msumbiji, mji wa Palma uliposhambuliwa mwezi wa Machi 2021, ujenzi wa kiwanda cha gesi ulisimama kwa miaka kadhaa na wafanyakazi wakatawanyika.

Jambo la tatu ni mabadiliko ya mitambo. Nchini Norway, jukwaa la baharini la Ivar Aasen huongozwa kutoka chumba kilichoko nchi kavu, mjini Trondheim, tangu mwezi wa Januari 2019. Maana yake ni kwamba kazi za kubeba na kusukuma zinapungua, na zinazidi kutakiwa kazi za kupima, kutengeneza na kuongoza mitambo kwa kompyuta. Aidha, nchi nyingi zinajenga mitambo ya umeme wa upepo na jua, na fundi umeme, mzamiaji au baharia aliyefunzwa kwa ajili ya mafuta anaweza kuhamia huko. Ama yule aliyejifunza jambo moja tu lihusulo kisima, njia zake ni chache.

KIJANA AJIFUNZE NINI?

Hapa ndipo ulipo moyo wa mazungumzo haya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ushauri wetu ni kwamba kijana ajifunze kazi ambayo mafuta yatainunua yakija, lakini ambayo itamlisha hata yasipokuja.

Shahada ya uhandisi wa mafuta ni elimu ya heshima, nasi hatumzuii mwenye kipaji na udhamini wa uhakika. Lakini nafasi zake ni chache, na mzazi asiuze shamba kwa ajili yake. Uhandisi wa mitambo, wa umeme au wa kemikali hufungua mlango huo huo, na pia milango ya bandari, maji, umeme, hoteli na viwanda.

Kwa walio wengi, njia iliyo karibu ni ya ufundi. Tunavyo vituo vya mafunzo ya amali Unguja na Pemba, na tunayo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyoko Mbweni. Chukueni mfano wa fundi wa kuchomea vyuma. Katika mabomba ya mafuta hupewa mtihani ambao bomba hufungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, wala haliruhusiwi kuzungushwa. Fundi ndiye anayelizunguka. Kiungio chake huweza kupigwa picha ya mionzi, na ufa mdogo tu humwangusha. Kwa kanuni zinazotumika sana, sifa hiyo humpotea akikaa miezi 6 bila ya kuchomea kwa njia ile. Kwa hivyo cheti pekee hakitoshi. Anayekwenda kazini kila siku ndiye anayebaki kuwa fundi. Na fundi huyo, mafuta yakichelewa, atatengeneza meli, matangi na mapaa.

Vivyo hivyo bahari. Vijana wetu ni watu wa bahari tangu enzi za mababu, lakini meli za kisasa hutaka vyeti vya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo ya mabaharia: kujiokoa, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini. Mafunzo ya kujiokoa na ya kuzima moto hurudiwa kila baada ya miaka 5. Ama mafunzo ya kutoka ndani ya helikopta iliyozama, yanayotakiwa kwa wanaokwenda kwenye majukwaa ya baharini, cheti chake huisha baada ya miaka 4. Haifai kijana ajilipie mafunzo hayo wakati hana mwajiri. Cheti kitaisha kabla hakijatumika, na mara nyingi mwajiri mwenyewe ndiye hulipia.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni lugha na hesabu. Baada ya mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya visiwa hivi walipokwenda Oman, walipokewa katika afisi za Serikali na za mafuta ingawa hawakuwa wamesomea mafuta. Walikuwa na elimu ya skuli, Kiingereza, uandishi wa barua na utunzaji wa hesabu. Sifa hizo bado zina soko.

WAJIBU WETU

Kwa masheha: litakapokuja tangazo la kazi, litangazwe katika shehia zote kwa siku moja, lisibaki mifukoni mwa wachache. Iwekwe orodha ya mafundi waliomo katika kila shehia, pamoja na vyeti vyao na umri wao. Mwekezaji akiuliza watu tulionao, tusijibu kwa kukisia.

Kwa wafanyakazi wa Serikali: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na barua za uthibitisho visicheleweshwe. Kijana anaweza kuikosa safari ya kazi kwa karatasi iliyolala mezani wiki mbili.

Kwa wafanyabiashara na wakulima: kazi ya mafuta hula, huvaa na husafiri. Katika hoteli zetu tumeona mboga na matunda mengi yakivuka bahari kuja kuwalisha wageni, kwa sababu mnunuzi hutaka kiasi kile kile, ubora ule ule, kila siku. Vyama vya ushirika vinavyoweza kutimiza sharti hilo kwa hoteli leo, vitaweza kulitimiza kwa meli za uchimbaji kesho.

Kwa wote: jihadharini na mawakala wanaouza ajira. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 181 wa mwaka 1997 umeweka msingi kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada yoyote. Anayekudai fedha ya fomu, ya vipimo au ya kukuwekea nafasi katika mtambo ambao haujafika, mripotini kwa sheha au Polisi. Na mkataba wowote usitiwe saini kabla haujasomwa wote, khususan muda wake, bima, na nani atalipa nauli ya kurudi.

Ndugu wananchi, hatukukutana hapa kuyavunja matumaini. Huenda neema hiyo ikaja, nasi twaiombea. Lakini ikija, itawauliza vijana wetu jambo moja tu: mnajua kufanya nini? Tuanze kulitayarisha jibu hilo sasa, katika skuli, katika vituo vya amali na majumbani mwetu, ili neema ikichelewa, kijana awe anakula kwa jasho la ufundi wake.