Dawa Moja, Maisha Tofauti: Wanawake na Wanaume Wanaoishi na VVU



Katika takwimu za kliniki ya tiba na matunzo, mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa huhesabiwa kuwa amefanikiwa. Kwa upande wa damu, ndivyo ilivyo. Kidonge kimoja kwa siku, kinachotolewa bila malipo, kimewarudisha shambani na sokoni watu ambao zamani wangekwisha kuzikwa. Lakini takwimu hizo hazisemi kama mtu huyo ana pa kulala, au kama yupo yeyote nyumbani anayejua kwamba anameza dawa.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la kupima ubora wa maisha ya watu wanaoishi na VVU. Maswali yake ni 31, nayo hugusa maeneo sita: mwili, nafsi, uwezo wa kujitegemea, mahusiano, mazingira na imani. Mwili ni eneo moja tu kati ya hayo sita.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionesha kuwa, kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, asilimia 5.6 ya wanawake nchini wanaishi na VVU, na wanaume ni asilimia 3.0. Kati ya wanaoishi na VVU, waliofubaza virusi ni karibu wanawake 81 katika kila 100, na wanaume 72. Atakayeishia hapo atasema mwenye shida ni mwanamume peke yake.

Mwanamke hujua hali yake mapema kwa kuwa hupimwa anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Kujua huko humwokoa yeye na mtoto, na wakati mwingine humponza. Anayeleta habari nyumbani ndiye hushukiwa kuleta ugonjwa. Wapo wanaoficha vidonge ndani ya debe la unga. Wapo wanaorudishwa kwao na watoto mgongoni, na wapo wajane ambao, kabla matanga hayajaanuliwa, shamba limekwisha kugawanywa na ndugu wa marehemu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, humpa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Lakini mjane asiyeijua hawezi kuidai, na anayeijua huogopa kuwa akidai, siri yake itatangazwa kijiji kizima. Mwanamke huyo, daftarini, ni mmoja wa wale 81.

Mwanamume naye hufika kwa kuchelewa, mara nyingi akiwa amekwisha kukonda au kushikwa na kifua kikuu. Saa za kliniki ndizo saa za kibarua, cha mvuvi, mchimbaji na dereva wa bodaboda. Wengine huchukua majibu ya mke kuwa ndiyo yao, jambo ambalo si kweli hata kidogo, kwani mmoja aweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo. Na akishaanza dawa, mwanamke huwa na wenzake wa kikundi wa kumsikiliza. Mwanamume mara nyingi hana wa kumwambia. Akiacha dawa, hakuna anayejua mpaka aanguke.

Kliniki kufunguliwa jioni moja kwa wiki hakudai jengo jipya. Kikundi cha wanawake wanaoishi na VVU kina haki ya kuomba fungu la asilimia 4 ya mapato ya ndani linalokopeshwa wanawake, bila kuulizwa hali zao za afya. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa na kukataza unyanyapaa. Mjane anayefika ofisi ya kijiji kulalamikia shamba asikilizwe ndani, mlango ukiwa umefungwa, si barazani mbele ya watu.