Kuona Inchi: Safari ya Mama Mmoja Kutoka Luena Hadi Pweto

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Luena



Mlituomba tuseme juu ya fungu la safari. Tunajua wengine wamefika na maneno tayari mdomoni. Wamama wa soko wanasema makuta ya chama yasilipie watu kutembea wakati minerval ya watoto haijalipwa. Wafadhili nao waliuliza kwa barua, kwa upole kabisa, kutembelea jamaa kunaingia katika projeti gani. Maswali yote mawili ni ya haki. Hata sisi wa kazi ya uwanjani tulifikiri hivyo hivyo, tena tuliandika kwa bic nyekundu. Kwa hiyo hatutaanza na hesabu. Tutaanza na kosa letu.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mama mmoja mwanachama alileta fishi yake kwenye biro. Yuko hapa, amekaa kule nyuma, na ametupa ruhusa kusema yote isipokuwa jina. Aliomba mkopo wa dola 120. Pahali pa kuandika sababu ya mkopo, mtoto wake alimwandikia: "Kuenda Lubumbashi na Pweto, kuona ndugu na kuona inchi." Tulisoma, tukacheka kidogo, si kwa ubaya. Tukapiga mstari chini ya "kuona inchi" na kuandika pembeni: hapana, haileti faida. Tukamweleza kwamba mkopo ni wa mbegu, wa mashine ya kushona, wa biashara ndogo. Tukaongeza, maana sisi tuliosoma hatukosi la kuongeza, kwamba mwanamke wa miaka 56 hawezi kushika barabara ile peke yake.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Batoto bangu, mwaka 2000 tulitembea bantu maelfu pamoja. Ule wingi haukutulinda na kitu. Mi nitaenda paka mwenyewe."

Kwa wageni, na kwa vijana waliozaliwa kambini, tueleze kidogo. Desemba 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Zambia. Wengi walipokelewa katika kambi mbili: Mwange, upande wa Mporokoso, iliyofunguliwa 1999, na Kala, upande wa Kawambwa, iliyofunguliwa 2000. Kurudi kwa mpango wa HCR kulianza 2007, wengine kwa mashua kutoka Mpulungu hadi Moba, wengine kwa magari kupitia Pweto. Kambi zote mbili zilifungwa 2010. Ninyi wenyewe mnajua yaliyo katikati ya tarehe hizo.

Mama huyu alirudi 2009. Mume wake ni mtoto wa Luena, baba yake alichimba makaa ya mawe hapa hapa, kwa hiyo walipofika Pweto hawakukaa. Walijitafutia kamio, wakashuka Lubumbashi usiku, wakapita Likasi wamelala chini ya bashi, wakafika kwetu. Alivuka nusu ya Katanga na hakuiona. Na kabla ya hapo, miaka karibu 9, hakuweza kutoka kambini bila karatasi ya ruhusa, kwa sababu ndivyo sheria ya Zambia juu ya wakimbizi ilivyotaka. Gari la kurudi nyumbani alilipiwa, lakini mara moja, upande mmoja. Mdogo wake wa kike alibaki Lubumbashi. Kaka yake alikuwa Pweto, kama bado alikuwa hai. Hakuna fishi yetu hata moja iliyowahi kumwuliza habari ya watu hao.

Basi akaenda. Alipokea zamu yake ya likelemba, dola 90, akauza mahindi, akapata nyingine 70. Alingoja mwezi wa saba barabara ikauke. Hakungoja treni. Alipanda kamio hadi Lubudi, akalala kwa mke wa mchungaji, kesho yake akapata gari lingine hadi Nguba, pale barabara ya kwetu inapokutana na ile ya Kolwezi na lami inaanza. Anasema alipokanyaga lami alishuka akasimama tu kidogo. Kutoka Nguba hadi Likasi, na Likasi hadi Lubumbashi, hana mengi ya kusema isipokuwa kwamba kioo cha basi kilikuwa kizima na alikaa karibu nacho.

Kwa mdogo wake, katika komini ya Kenya, alikaa siku 6. Siku ya kwanza walilia. Siku ya pili walichoka kulia, wakapika bukari na sombe. Siku ya tatu mdogo wake alimwuliza anataka nini, akajibu: "Unioneshe muji." Wakaenda. Aliingia kanisa kuu la Petro na Paulo akakaa kwenye benchi ya mbele, kwa sababu hakuna aliyemkataza. Aliona bomba refu la Gécamines na ule mlima mweusi wa takataka za shaba, ambao kila mtu wa Katanga ameuona kwenye picha, ila yeye. Wakaenda zoo. Foto zake zote ziko kwenye telefone, mtaziona wakati wa chakula. Foto ya simba anaieleza hivi: "Iko ndani ya fensi, inangoja saa ya chakula. Nikamwambia mudogo yangu: huyu naye iko Mwange." Tulipomsikia tulicheka tena, lakini safari hii yeye ndiye alianza.

Sehemu ya pili haikuwa rahisi, na hatutaki kuificha mbele ya wafadhili. Kutoka Lubumbashi alipanda juu ya magunia kwenye kamio lililobeba bia na unga. Walikwenda siku 4. Baada ya Kasomeno, kwenye bariyeri moja, walimshusha. Kadi yake ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, ilikuwa imefutika uso. Walimweka chini ya mti nusu ya siku. Shofa angeweza kumwacha. Badala yake alirudi akasema, "Huyu ni mama mukubwa yangu," na matabishi ya franka 5.000 yakamaliza neno. Hakuwa mama yake mkubwa. Sasa ni mama yake mkubwa: akipita Luena anakula kwake.

Kilwa aliliona ziwa la Mweru. Pweto alifika jioni, akauliza nyumba ya kaka yake kwa vijana wa pikipiki, wakampeleka mpaka mlangoni.

Shemeji yake alitoka, akamtazama, akarudi ndani bila kusema yambo. Kwa sababu huyu mama alikuwa amekufa. Mwaka 2003 mtu mmoja alileta habari kutoka Zambia kwamba ameuawa na malaria kambini. Walifanya matanga. Kaka yake alinyoa kichwa. Shamba la mama yao liligawanywa bila fungu lake. Na watoto waliozaliwa baadaye waliambiwa walikuwa na shangazi.

Kaka yake alitoka baada ya muda. Alimwuliza jina la mbwa waliyekuwa naye utotoni. Alipojibu, ndipo alimshika mkono.

Ilichukua siku tatu kumaliza jambo hilo. Wazee waliita watu wale wale waliokuja kulia 2003, wale waliobaki, wakachinja kuku, wakasema jina lake kwa sauti mbele ya watoto. Juu ya shamba kaka yake alikuwa tayari kulipima upya. Alikataa. Alisema yeye atalima Luena, lakini fungu lake liandikwe kwa binti wa ndugu yao aliyekufa, ambaye hakupewa kitu. Liliandikwa, chifu wa kijiji akatia kashe. Msichana huyo ana miaka 19 na watoto wawili. Sisi katika ripoti zetu tungemwita "mnufaika asiye wa moja kwa moja", jina ambalo hata kulitamka ni kazi.

Kisha akaenda kuona ziwa. Kaka yake hakuelewa, ziwa lipo kila siku. Alikaa upande ule ambako mto Luvua unatoka ziwani, pale watu walipobanana 2000 wakitafuta kuvuka. Tulimwuliza aliona nini. Alisema: "Ile mwaka mi sikuona ziwa. Niliona paka migongo ya bantu." Kaka yake, ambaye ni mvuvi, alimweleza kwamba maji ya Luvua yanashuka mpaka Ankoro, na huko yanaingia Lualaba. Lualaba ni mto wetu, unapita Bukama, hapa karibu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Aliporudi hakusimama Luena, alipitiliza hadi Bukama siku moja, kuangalia maji tu, halafu ndipo akaja nyumbani. Mume wake bado analalamika juu ya siku hiyo.

Alikuwa ametumia siku 31. Alirudi na dola 11 na gunia la samaki wa kukauka aliopewa na kaka yake. Samaki aliuza hapa sokoni, zikatoka dola 85. Tunajua wafadhili watapenda hesabu hii. Tunawaomba wasiipende sana. Asingeleta hata samaki mmoja, tungekuwa tumesimama hapa na maneno yale yale.

Maana tulijaribu pia kwa mtu mwingine, na mambo hayakwenda hivyo. Baada ya kumsikia mama huyu tuliona haya, tukampa baba mmoja mkopo wa dola 100 aende Malemba-Nkulu kutafuta watoto wa dada yake. Alikuta nyumba imekuwa ya watu wengine, na hakuna anayejua walikokwenda. Alirudi kimya, mpaka leo hajasema mengi, na mkopo hajalipa. Karani alimwandikia barua mara mbili. Tulimwomba aache. Kosa lilikuwa kuuita mkopo. Huwezi kumdai mtu faida ya nyumba aliyoikuta tupu.

Ndiyo sababu leo tunaleta pendekezo tofauti. Fungu la safari lisiwe mkopo. Mwanachama alete nusu, chama kiweke nusu, isizidi dola 80 kwa mtu. Watu 6 kwa mwaka, kati ya mwezi wa sita na wa tisa tu, barabara ikiwa kavu. Chama kimpe msafiri barua yenye foto na kashe, ili asikae chini ya mti kama mama yetu. Kimpe pia namba za telefone za wanachama walio njiani, Lubudi, Likasi, Lubumbashi, wanaokubali kumlaza mgeni usiku mmoja. Majina 14 tayari tunayo. Anayetaka kwenda peke yake, aende peke yake. Akirudi, atueleze kwa mdomo, na asidaiwe risiti ya bukari.

Na minerval? Wamama, tumewasikia. Dola 480 hizo hazitatoka kwenye minerval, wala kwenye mbegu. Tunapendekeza zitoke kwenye makuta ya semina zetu na ya mafuta ya gari letu sisi wafanyakazi. Mwaka jana tulifanya semina 5, na katika mbili tulifundisha watu "kujijenga upya katika jamii". Mama huyu alikuwa darasani mara zote mbili. Semina moja tunaweza kuiacha.

Wafadhili, kwenu tunaomba kitu kimoja tu: kibali cha kubadilisha mstari huo katika bajeti. Makuta mapya hatuombi.

Fishi mpya ziko mezani. Sababu ya safari inaandikwa kwa maneno ya mtu mwenyewe, na bic nyekundu tumeiacha biro. Maombi ni 9 na nafasi ni 6, kwa hiyo watatu watasikitika leo, na ni haki wasikie kwa nini mbele ya wote. La kwanza ni la baba wa miaka 71, anataka kwenda Ankoro kwa dada yake. Karani, utusomee.