Tiersi: sauti mbili zinazotembea pamoja

*Maongezi ya katekista mbele ya korali zote za parokia, katika matayarisho ya Jubile*



Nimeombwa niseme neno juu ya muziki mtakatifu. Jambo hilo ni pana kama mto wetu. Kwa hiyo nachagua sehemu yake moja ndogo, ile iliyotia ubishi kati ya wazee na vijana tangu tulipoanza kutayarisha nyimbo za Jubile: ndiyo tiersi. Wazee wanasema: «Tiersi imetoka kwenye baa pamoja na magitaa, Misa iimbwe kwa sauti moja.» Vijana wanajibu kwamba wimbo bila tiersi ni sombe bila mawese. Kabla ya kuhukumu, yafaa tupeleleze asili yake.

1. Tiersi ni nini?

Imba do, re, mi. Sasa acha re, uruke toka do hata mi: umeimba tiersi. Ziko za namna mbili. Tiersi kubwa, kama do na mi, ina nusu-toni 4. Tiersi ndogo, kama re na fa, ina nusu-toni 3. Ile kubwa hufurahisha, ile ndogo mara nyingi huleta huzuni au utulivu.

Salve Regina ya sauti rahisi, ambayo wazee wetu wanaijua kwa moyo, huanza kwa do, mi, sol: tiersi mbili, moja juu ya nyingine. Mzee atanijibu: «Hiyo ni sauti moja inayopanda, sisi tunakataa sauti mbili kwa wakati mmoja.» Neno lake ni la haki. Basi tutazame hizo sauti mbili.

2. Tiersi katika Eklezya ya Ulaya

Katika karne ya 9 kitabu kiitwacho Musica enchiriadis kilifundisha namna ya kuongeza sauti ya pili kwa wimbo wa kanisa. Sauti hiyo ilifuata ile ya kwanza kwa kwarti au kwa kinti. Tiersi haikupewa heshima hiyo, na sababu yake ilikuwa hesabu. Kwa kipimo cha Pitagora, kinti ni 3 kwa 2, hesabu nyepesi. Lakini tiersi kubwa ni 81 kwa 64, na masikio huiona chachu.

Hata hivyo watu wa kaskazini waliiimba. Kutoka visiwa vya Orkney tumepokea wimbo wa karne ya 13, Nobilis humilis, wa kumheshimu Mtakatifu Magnus. Sauti zake mbili zinakwenda karibu mwanzo hata mwisho kwa tiersi. Katika karne ya 15 nyimbo za Mwingereza John Dunstable, zenye tiersi tele, zilipendwa ng'ambo ya bahari. Mwaka 1558, kule Venezia, mtaalamu Gioseffo Zarlino alitoa kitabu kilichoipa tiersi kubwa hesabu iliyo nyepesi, yaani 5 kwa 4. Mnaona: huko Ulaya pia tiersi ilisimama siku nyingi mlangoni kabla ya kukaribishwa.

3. Tiersi kwetu

Si makabila yote ya nchi yetu yanayoimba kwa tiersi; mengine hupenda kwarti au kinti. Lakini Wachokwe, kwa mfano, huimba kwa tiersi katika nyimbo zao za asili. Tena gitaa halikuanzisha jambo hili. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alinasa sauti ya gitaa lake mwaka 1952 kule Katanga, na waimbaji wa rumba baada yake, walitumia kitu ambacho masikio ya watu wengi yalikuwa yamekizoea.

Iko sababu nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Lugha zetu nyingi husema kwa sauti ya juu na ya chini. Katika Lingala, moto kwa sauti ya chini yote ni mtu; ikianza juu ni moto unaowaka; ikimalizika juu ni kichwa. Kwa Walokele, lisaka inaweza kuwa ziwa dogo la matope, au ahadi, au sumu, kadiri ya sauti. Ndiyo maana lokole yenye sauti mbili inaweza kusema, kama John Carrington wa Yakusu alivyoeleza katika kitabu chake cha 1949.

Sasa sikilizeni. Sauti ya pili ikitembea sambamba na ya kwanza, kwa tiersi, zote hupanda pamoja na kushuka pamoja: neno hubaki neno. Lakini moja ikipanda na nyingine kushuka, kama katika nyimbo nyingi za Ulaya, waimbaji wa upande mmoja watamwahidi Mungu, na wa upande mwingine watampa sumu.

4. Tufanye nini?

Mwaka 1958, kule Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, na korali yake waliimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, namna ya kuimba ya kwetu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati juu ya Liturjia, uliuacha wimbo wa Gregori mahali pa kwanza, bila kuzifukuza sauti nyingi. Tena ukaamuru muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa kwa namna ya majimbo ya nchi yetu.

Basi, siku ya Jubile, Salve Regina iimbwe kwa sauti moja, na vijana wajifunze kwa wazee. Utukufu uimbwe kwa tiersi, na wazee wasifunge vinywa. Ninyi walimu wa korali, kabla ya kuandika sauti ya pili, semeni kwanza maneno polepole, mkasikilize yanapanda wapi na kushuka wapi. Sauti isiyohifadhi neno, hata ikiwa tamu, iachwe.

Katika tiersi hakuna sauti inayomeza mwenzake. Kila moja hushika njia yake, na zote huenda upande mmoja. Wazee na vijana wa parokia hii wakiimba hivyo, Jubile yetu itakuwa imezaa tunda.